Kiti cha Daktari wa Meno: Hofu ya Mtoto Ilitoka Wapi?



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni, leo tumeliweka kando kidogo somo letu la kawaida ili tuzungumze jambo lililotupata nyumbani, kisha tulifuate nyuma mpaka kwenye asili yake.

Binti yetu ana miaka mitatu na nusu. Usiku mmoja alikaza midomo, hataki mswaki. Bibi yake, aliyekuja kutoka kijijini kutusalimia, akamwambia kwa utani: "Haya, acha. Kesho nakupeleka kwa daktari wa meno akung'oe yote kwa koleo." Mtoto akafungua mdomo mara moja. Sote tukacheka, tukaona bibi ana dawa. Miezi miwili baadaye tukaona doa la kahawia kwenye gego lake la chini, tukampeleka kliniki. Alipoona kile kiti na ile taa kubwa alishika mlango kwa mikono miwili, akalia mpaka akatapika. Daktari hakuona hata jino moja siku ile. Tulilipa pesa ya kumwona daktari, tukarudi nyumbani na doa letu.

Jioni tulimuuliza bibi, kwa adabu, maneno ya koleo aliyatoa wapi. Alinyamaza kidogo, halafu akatusimulia jinsi alivyong'olewa jino akiwa msichana mdogo. Wanaume wawili walimshika mabega, wa tatu akashika kichwa. Hakukuwa na ganzi, wala hakuna aliyemwambia anakwenda kufanywa nini. Aliambiwa wanakwenda sokoni. Mpaka leo, mwanamke mwenye wajukuu kumi na moja, hapendi kusikia mlio wa chuma kikigonga sahani.

Basi tukaelewa kwamba hofu ile haikuanzia kwa binti yetu. Alirithishwa na watu wanaompenda, kwa maneno machache tu ya utani. Na bibi naye alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu yeye alikipata kiti (kama kilikuwepo kiti) cha zama nyingine kabisa. Tukaanza kusoma ili tujue zama hizo ziliishaje, na kama kweli zimeisha.

Zama za kung'oa

Kwa karne nyingi mtu hakwenda kuangaliwa meno. Alikwenda kung'olewa, na alikwenda siku ambayo maumivu yalikuwa yamemshinda usingizi. Hakukuwa na kitu kinachoitwa safari ya kwanza ya mtoto kwa daktari wa meno, kwa kuwa hakuna mzazi mwenye akili ambaye angempeleka mtoto mzima mahali kama pale.

Sisi Waislamu tuna sehemu yetu katika historia hii, na si ndogo. Usafi wa kinywa kwetu ni sunna tangu zama za Mtume (s.a.w.), na neno lenyewe "mswaki", ambalo siku hizi hata asiye Mwislamu analitumia kwa brashi ya plastiki ya dukani, asili yake ni Kiarabu, lilikuja na kile kijiti. Lakini tunaomzungumzia hapa ni tabibu: Abul Qasim az-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, at-Tasrif, kina sehemu 30, na ile ya mwisho ni ya upasuaji, imejaa michoro ya vyombo. Humo mna vyombo vya kukwangulia ukoga kwenye meno, vya maumbo mbalimbali, kila kimoja na upande wake wa jino. Na kuhusu kung'oa, alitoa onyo ambalo lilitushangaza kwa jinsi lilivyo jipya. Alisema tabibu asiharakishe, ajaribu kwanza kulitibu jino kwa kila njia. Maumivu ya jino, alieleza, humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima, likang'olewa, kisha maumivu yakabaki palepale. Aliwalaumu vinyozi waliong'oa bila elimu na kuwaumiza watu.

Katika karne ya 12 sehemu ile ya upasuaji ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona mjini Toledo, ikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Onyo lake halikusikilizwa sana. Masokoni na kwenye maonyesho ya Ulaya mng'oaji wa meno alikuwa mtu wa kutazamwa, kama mcheza sarakasi. Mgonjwa alikaa chini, ardhini, na kichwa chake kikabanwa kati ya magoti ya mng'oaji. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa juu ya utabibu wa meno, na moja katika mambo aliyoyapiga vita ni hiyo tabia ya kumkalisha mgonjwa chini. Alitaka akae kwenye kiti cha heshima, chenye mahali pa kuegemeza kichwa. Kiti kinachowatisha watoto wetu leo kilianza kama huruma.

Kuna mtu mmoja wa Marekani ambaye hatuwezi kumwacha. Edgar Parker, mzaliwa wa Canada wa mwaka 1872, alisomea meno kisha akaona wateja hawaji, akaanza kuzunguka mitaani na gari na bendi ya muziki. Alipokuwa akivuta jino, bendi ilipiga kwa nguvu zote, ili kelele za mgonjwa zisiwafikie waliosimama kwenye foleni. Mwaka 1915 alibadilisha jina lake kisheria kuwa Painless, yaani "asiyeumiza". Tulicheka sana tuliposoma habari hii. Halafu mmoja wetu akasema: "Lakini 'tunakwenda sokoni' si bendi ile ile?" Tukaacha kucheka.

Ganzi inapatikana

Jambo lililobadilisha kila kitu lilitokea Hartford, Marekani, tarehe 10 Desemba 1844. Daktari wa meno Horace Wells alikwenda kuangalia maonyesho ya kuchekesha watu kwa gesi ya kulevya. Akaona kijana mmoja aliyevuta gesi ile amejigonga mguu mpaka damu ikatoka, naye hana habari. Kesho yake Wells alivuta gesi hiyo yeye mwenyewe akamwomba mwenzake, John Riggs, amng'oe gego. Hakusikia uchungu wa maana. Mwezi Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari, lakini mgonjwa wake alipiga kelele katikati ya kazi, wanafunzi wakamzomea. Aliyekuwa mwanafunzi na mshirika wake, William Morton, ndiye aliyefanikiwa huko huko Boston kwa dawa nyingine, etha, tarehe 16 Oktoba 1846. Wells alifariki mwaka 1848 akiwa na umri wa miaka 33, amevunjika moyo, akiwa hajajua kwamba gesi yake ingetumika kwa watoto kwenye kliniki za meno mpaka karne ya 21.

Sindano ya ganzi ilikuja baadaye. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini inatia ganzi jicho, na mara madaktari wakaijaribu kwenye taya. Ilifanya kazi, ila iliwaharibu baadhi ya waganga wenyewe kwa ulevi. Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza mbadala usiolevya, ulioingia kazini mwaka 1905, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokeini. Hiyo ndiyo ganzi ambayo wengi wetu tumechomwa. Bibi yetu alizaliwa baada ya haya yote. Dawa ilikuwapo duniani, ila haikuwa imefika kijijini kwao siku aliyoihitaji.

Na mashine ya kuchonga jino? Ile ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, ilipata hataza mwaka 1871. Ilizunguka polepole, na upole huo ndio uliokuwa mateso, kwa sababu jino zima lilitetemeka. Ile ya upepo, yenye mlio mwembamba kama mbu mkubwa, iliingia mwaka 1957. Haichukui muda, lakini mlio wake umekuwa alama ya hofu dunia nzima.

Watoto wa New Zealand

Sasa tufike kwa watoto, maana hapa ndipo tulipojifunza zaidi.

Katika karne ya 19 sukari ilipungua bei Ulaya, ikaacha kuwa kitu cha matajiri, na meno ya watoto wa maskini yakaanza kuoza kwa wingi. Serikali hazikushtuka mpaka zilipotaka askari. Uingereza ilipokusanya vijana kwenda kupigana vita vya Makaburu, mwaka 1899 mpaka 1902, wengi walikataliwa kwa ubovu wa meno. Kliniki za meno za watoto wa shule zikaanza: Strasbourg mwaka 1902, Cambridge mwaka 1907.

Waliokwenda mbali kuliko wote ni New Zealand. Nao walishtushwa na meno ya askari wao katika vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1921 Thomas Hunter, daktari wa meno aliyekuwa jeshini, alianzisha huduma ya meno ya shule na kuanza kufundisha wasichana kazi ya uuguzi wa meno mjini Wellington. Walisoma miaka miwili, kisha wakatumwa mashuleni, kila mmoja na kijumba chake pembeni ya uwanja wa shule, akiwaziba na kuwang'oa watoto bila malipo. Wakubwa wa kazi hiyo walifikiri kwamba mwanamke kijana mwenye sauti ya upole hatamtisha mtoto. Nchi nyingine ziliiga, na Malaya ilifungua chuo cha namna hiyo Penang mwaka 1949.

Na watoto wa New Zealand walikiitaje kile kijumba? Walikiita "nyumba ya mauaji". Vizazi vya watu wazima huko bado wanalikumbuka jina hilo.

Jambo hili tulilizungumza sana nyumbani. Huduma ilikuwa ya bure, ilikuwa karibu, wauguzi walikuwa wapole, nia ilikuwa njema kabisa, na meno mengi yaliokolewa. Lakini mtoto aliitwa kutoka darasani mbele ya wenzake, akavuka uwanja peke yake, mama yake hayupo, akakutana na mashine ya kukanyaga kwa mguu, na kwa miongo mingi mara nyingi hakuchomwa ganzi kwa kazi ya kuziba. Wenzake wakubwa walikuwa wamekwisha kumsimulia yote kabla hajafika mlangoni. Yaani waliomwandaa mtoto yule walikuwa watoto wenzake, wakamwandaa kwa jina lile.

Madaktari wanaanza kuuliza

Kwa muda mrefu mtoto aliyelia kwenye kiti alihesabiwa ni mtukutu. Katikati ya karne ya 20 baadhi ya madaktari wa Marekani walianza kulitazama jambo kwa upande wa mtoto. Mwaka 1959 Addelston aliandika utaratibu wa hatua tatu ambao mpaka leo unafundishwa karibu kila chuo cha meno: mwambie, mwonyeshe, kisha fanya. Mwambie mtoto kwa maneno anayoyajua kitu kitakachofanyika. Mwonyeshe chombo, akiguse, kimpite kwenye kucha. Kisha fanya hicho hicho ulichomwambia, bila kuongeza kitu. Ni rahisi mno, na ndiyo maana ni ajabu kwamba ilichukua muda mrefu kuandikwa.

Mwaka 1962 Spencer Frankl na wenzake walijaribu swali lililokuwa likiwagombanisha madaktari: mama aingie ndani au abaki nje? Madaktari wengi walitaka abaki nje. Majibu yalionyesha kwamba watoto wadogo, wa karibu miaka mitatu na nusu hadi minne, walitulia zaidi mama akiwepo, na kwa waliozidi hapo haikuleta tofauti. Binti yetu yumo hasa kwenye umri huo.

Lakini utafiti uliotugusa zaidi ni wa mwaka 1968, wa Johnson na Baldwin. Wao walipima hofu ya akina mama, si ya watoto, kisha wakaangalia watoto wanavyofanya wakati wa kung'olewa jino. Watoto ambao mama zao walikuwa na hofu kubwa ndio waliosumbuka zaidi. Mtoto mdogo hamjui daktari na hajui koleo. Anachokisoma ni uso wa mama yake. (Na akina baba msijitoe. Tunamjua baba mmoja, mrefu wa futi sita, ambaye kila ikifika siku ya daktari wa meno hupata safari ya ghafla.) Mwaka 1975 Barbara Melamed na wenzake wakaonyesha upande wa pili: watoto walioonyeshwa kwanza filamu ya mtoto mwenzao akitibiwa meno vizuri waliogopa kidogo kuliko wasioonyeshwa. Hofu inaambukizwa, na utulivu pia unaambukizwa.

Kisha mwaka 1986 jumuiya ya madaktari wa meno wa watoto wa Marekani ikatoa ushauri uliowashangaza wengi, kwamba mtoto aonwe mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Ushauri wa kawaida hapo kabla ulikuwa miaka mitatu. Watu waliuliza, mtoto mwenye meno mawili anakwenda kufanya nini kule? Jibu ni kwamba safari hiyo ni ya mama zaidi kuliko ya mtoto. Mama anaonyeshwa namna ya kusafisha meno hayo mawili, anaambiwa habari ya chupa ya maziwa au juisi ya usiku, anapata mtu wa kumuuliza siku akiona kitu asichokijua. Daktari na mama hukaa wakitazamana, magoti yakigusana, na mtoto hulazwa juu ya mapaja yao, kichwa kikiwa kwa daktari na miguu ikiwa kwa mama, macho yake yakimwona mama. Kichwa cha mgonjwa kimerudi kwenye magoti ya tabibu, kama sokoni zamani, ila safari hii mama ameshika mikono yake na hakuna kinachong'olewa.

Habari ya huku kwetu

Hiyo habari ya "kabla ya mwaka mmoja" haikutuhusu sana tulipoisoma mara ya kwanza. Tuliona ni mambo ya nchi tajiri. Kilichotubadilisha ni kukumbuka ebinyo.

Msomaji wa Uganda anajua tunachosema. Mtoto wa miezi minne, mitano, sita, anaharisha, ana homa, hanyonyi vizuri. Mama, jirani au mkunga wa mtaani anapitisha kidole kwenye ufizi, anakuta uvimbe mweupe mahali pa meno ya chonge, anasema: ni meno mabaya, ndiyo yanayomuua. Mtoto anapelekwa kwa mtu wa kuyatoa, na mtu huyo anachimba ufizi kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli iliyochongwa. Kinachotoka ni kitu laini, cheupe, kama punje ya wali, na mama anaonyeshwa: "Unaona? Ndiyo haya." Kumbe ni jino la kawaida la chonge ambalo halijakomaa. Mwaka 1969 profesa Jens Pindborg wa Denmark aliandika habari za madhara haya kwa watoto wa Uganda. Tanzania nako, ambako huitwa meno ya plastiki au ya nailoni, watafiti waliandika sana katika miaka ya 1980 na 1990. Jambo lenyewe halijaisha.

Madhara yake si madogo. Mtoto hutoka damu nyingi, hupata uambukizo, pepopunda, na chombo kisichochemshwa kinaweza kumpa virusi vya Ukimwi. Wapo waliokufa. Anayepona, mara nyingi jino la ukubwani lililo chini yake hutoka limepinda, limeharibika, au halitoki kabisa.

Hatuwasemi vibaya akina mama hawa. Walikuwa na mtoto mgonjwa mikononi na walifanya walichoambiwa kitamwokoa. Umri huo ndio mtoto anaanza kula na kuweka kila kitu mdomoni, kwa hiyo kuharisha ni kwingi, na ndio umri ambao ufizi wa chonge huvimba wenyewe. Mambo mawili yanakutana na moja linatuhumiwa kwa kosa la lingine. Mtoto yule alihitaji maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, maziwa ya mama, na zahanati haraka.

Lakini fikirini, ndugu zetu. Watoto wangapi katika nchi zetu, mtu wa kwanza nje ya nyumbani kuingiza mkono katika kinywa chao aliingia na spoku? Laiti mama yule angekuwa amekaa magoti kwa magoti na daktari au muuguzi hata mara moja, akaonyeshwa kwa kidole, "hapa patavimba, ni chonge, usiogope", asingeshawishika. Safari ya kwanza kabla ya mwaka mmoja si anasa ya Marekani. Huenda sisi tunaihitaji kuliko wao.

Na kuna habari njema iliyotoka jirani. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa na tatizo la vijijini: jino limeoza, hakuna umeme, hakuna mashine. Wakaanza kuondoa ile sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha wakaziba tundu. Baadaye, kwa majaribio ya Thailand yaliyoanza mwaka 1991, ikatumika saruji maalumu ya meno inayoshika yenyewe na kutoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliupokea utaratibu huo mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji ya aina hiyo na dawa ya meno yenye floridi ziliingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hauna mlio wa mbu, na mara nyingi hauhitaji sindano. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme kimekuwa rafiki wa watoto waoga mpaka Ulaya.

Tulivyofanya nyumbani

Baada ya kusoma haya tulijipa wiki tatu. La kwanza, tulikubaliana na bibi, naye akakubali kwa moyo mweupe, kwamba koleo halitatajwa tena, wala daktari hatakuwa adhabu. La pili, tulianza kumlaza mtoto kila usiku kichwa kwenye mapaja ya mama, tochi ya simu ikiwaka, tukahesabu meno kwa mpini wa kijiko. Bismillaah, moja, mbili. Meno ya utotoni yakikamilika ni 20, na tulihesabu mpaka mwisho. Siku nyingine yeye alimhesabia mwanasesere wake, na mwanasesere alionywa asiume.

Tulipata shida na maneno. "Hutaumia" hatukusema, kwa sababu hatukujua, na mtoto akiambiwa hilo husikia neno moja tu: kuumia. Tulimwambia ukweli mfupi: daktari atahesabu meno, ataangalia lile lenye doa kwa kioo kidogo, na mama atakuwepo. Sindano hatukuitaja, hakuuliza. Angeuliza tungemjibu kwamba tutamuuliza daktari pamoja. Pipi ya zawadi tulikataa, ingawa shangazi yake alikwisha kuinunua. Ndiyo iliyotupeleka kule. Tulichukua miadi ya asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na hajachoka, na tuliongea na daktari mapema kwa simu. Akasema, "Siku ya kwanza mleteni acheze tu." Hilo hatukulitarajia.

Siku hiyo hakukaa kwenye kiti. Alikaa mapajani, akafungua mdomo kidogo, daktari akahesabu manne, akampa kioo aangalie mdomo wa daktari mwenyewe. Basi. Tulilipa tena pesa ya kumwona daktari, na safari hii haikutuuma. Wiki iliyofuata alihesabiwa yote. Ya tatu doa lilisafishwa kwa vyombo vya mkono na kuzibwa, naye alikunja uso mara mbili, akalalamika ladha, akamaliza. Tusiwadanganye, alilia kidogo kwenye gari wakati wa kurudi, na usiku alikataa tochi.

Bibi alikuwa amekuja nasi siku ile ya tatu, akabaki kwenye benchi la nje na tasbihi yake. Tulipofika nyumbani mtoto alichukua kijiko, akampandia mapajani, akamwambia: "Bibi, fungua, nakuhesabu." Bibi alitutazama, akafungua. Mtoto alihesabu mpaka kumi, akasahau kinachofuata, akaanza tena moja.